Nyumba Aliyoizoea Kabla Haijajengwa

Kabati la milango mitatu halina adabu. Ukilipandisha ngazi, likifika kwenye kona linakaa pale kama mkwe aliyenuna: mbele haliendi, nyuma halirudi, na wewe uliye chini yake jasho linakuingia machoni. Mimi nimeishi kwa kuhamisha vyombo vya watu. Lori langu, kamba zangu, vijana wangu na mgongo huu mnaouona. Shule niliishia pale nilipoweza kusoma majina ya mitaa, nikaona inatosha, nikaenda kubeba. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba naijua modeli ya jengo, ile wanayoijenga kwenye kompyuta kabla ya tofali la kwanza, msicheke. Naijua vizuri. Kaeni niwaeleze, wajukuu zangu, maana kuna mmoja wenu anataka kujenga na simtaji.

Bibi yenu ndiye aliyeanzisha. Alianza kugonga fremu za milango kwa bega. Mara ya kwanza nikamtania, "Mama, siku hizi unakunywa bila mimi?" Akacheka. Vikaja vikombe kuanguka, ikaja siku akamkanyaga paka, paka akapiga ukelele mtaa mzima ukajua kuna jambo. Utani nikauacha. Tukaenda kwa daktari wa macho, akamwangalia na vitaa vyake, akasema ni presha ya macho. Kilichokwenda kimekwenda, haya matone ni ya kukilinda kilichobaki. Na inafunga kuanzia pembeni. Bibi yenu akasema, "Ndiyo maana. Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba."

Wakati huo tumepanga nyumba yenye vidaraja kila kona, kama aliyeijenga alikuwa na kinyongo na miguu ya watu. Kiwanja tunacho, tumekiatamia miaka kama kuku na mayai viza. Tukitoka hospitali bibi yenu akanishika mkono, hakunitazama, akasema: "Mzee, kama ni kujenga, tujenge sasa nikiwa bado naona. Nikishaijua nyumba, macho yakitaka kwenda yaende."

Lori nikaliuza. Sikulia. Basi, nililia kidogo, lakini nilivuka barabara kwanza.

Sasa, kuna binti mmoja nilimhamisha na wazazi wake akiwa mdogo, alikaa nyuma ya lori juu ya godoro amekumbatia sufuria. Nikasikia amekuwa msanifu wa majengo. Tukamwendea ofisini kwake, bibi yenu ameshika koti langu.

"Shikamoo baba, shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekua! Sufuria lile bado lipo?"

"Baba, tafadhali, hawa wananiogopa," akasema, akionyesha wafanyakazi wake kwa kidevu.

Nilijua atanitandikia makaratasi. Ramani nimeziona nyingi, kwangu mimi ni utando wa buibui. Lakini Msanifu akawasha skrini kubwa ukutani, pakatokea nyumba, tukawa kama tumesimama mlangoni pake. Nikasema picha nzuri sana, mwanangu.

"Siyo picha, baba. Chagua kitu chochote humo."

Nikachagua mlango. Akaugusa, pembeni yakatokea maneno: upana wake, mbao zake, unafungukia upande gani, kitasa kiko juu kiasi gani kutoka sakafuni. Akagusa ukuta, ukataja tofali lake na mabomba yaliyomo ndani. Akasema, "Mlango huu unajijua kwamba ni mlango. Nikiusogeza hapa, unasogea kwenye karatasi ya mwashi, ya fundi umeme na ya fundi bomba. Hakuna anayebaki na ramani ya zamani mfukoni."

Halafu akanionyesha jambo lililonifanya nisimame. Kila fundi analeta kazi yake, zote zinalazwa pamoja kwenye hiyo nyumba moja, na pale ambapo vitu viwili vinagombania nafasi panawaka nyekundu. Akanionyesha bomba lililotaka kupita katikati ya boriti. Nyekundu kama pilipili.

"Kabati kwenye kona ya ngazi!" nikasema.

"Kabati gani, baba?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akafuta machozi. "Ndiyo hilohilo. Ila hapa linakwama kabla hujalibeba."

Nikakaa nimevimba kidogo, nawaambia ukweli. Miaka yote nimebeba makosa ya watu mgongoni, na kumbe siku hizi yanaonekana yakiwa bado ni rangi tu!

Msanifu akageuza kiti akatutazama. "Sasa swali langu kwenu, maana nyie ndio wenye jengo. Modeli inajua kile tu ilichoambiwa. Mnataka iwajibu nini?"

"Mimi nataka inijibu kama paa litavuja."

"Hilo mvua ndiyo itakujibu, baba. Modeli itakwambia bati ni la aina gani na umwite nani likivuja."

"Hiyo pia ni nzuri. Andika."

Bibi yenu wakati wote alikuwa anageuza kichwa polepole ili lile bomba lake la kuonea lipite kwenye skrini yote, kipande kwa kipande. Akasema, "Mimi nataka isinidanganye. Nitakachokiona humu leo ndicho nikakiguse kule kesho. Macho yangu hayatakuwa na nafasi ya kujifunza nyumba mbili."

Msanifu akaandika kwa mkono wake sharti la bibi yenu, likaingia kwenye mkataba: badiliko lolote, liwe la nani, linapita kwenye modeli kwanza, tunakubaliana, ndipo mwashi aguse tofali. Mkandarasi tuliyempata akatia sahihi. Na mimi nikatia. Sahihi yangu inafanana na kamba iliyoanguka kutoka kwenye lori, lakini ni sahihi.

Basi bibi yenu akaanza shule. Kila akipata nafasi anakwenda kwa Msanifu, wanatembea kwenye skrini, kamera imewekwa kwenye urefu wa macho yake. Akirudi nyumbani ananiamrisha: leta viti. Tunapanga viti sebuleni vinakuwa kuta, mimi na futi yangu napima kama modeli ilivyosema, yeye anafumba macho anatembea. "Natoka chumbani. Mkono wa kulia kwenye ukuta. Ukuta, ukuta, ukuta… mlango. Bafuni." Anapatia. Siku moja nilikuwa nakimbilia simu inayoita, nikaruka kati ya viti viwili, nikasikia sauti nyuma yangu:

"Mzee! Umepita kwenye ukuta! Rudi, upitie mlangoni!"

Na nilirudi. Simu ikakatika. Ndoa ni kusikilizana.

Sasa niwaletee shemeji yangu, kaka yake bibi yenu. Mtaani wanamwita Itifaki. Kazi yake ni ushereheshaji wa harusi, ndiye anayeshika kipaza sauti, anapanga nani akae wapi, nani aingie mbele ya nani. Koti halivui hata jua likipasua mawe. Ana moyo mzuri, Itifaki, ila mkono wake hauwezi kuona kitu kimekaa usikipange. Akija kwenu anapanga hata viatu vyenu mlangoni.

Nyumba ilikuwa imefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, kuta zimesimama, milango bado ni mianya tu, tukapata miadi ya daktari wa mbali, hospitali kubwa. Ni safari. Nikamwambia shemeji, "Nishikie kiwanja mpaka tutakaporudi. Uangalie tu."

"Ondoa shaka, shemeji. Mimi nikishika kitu, kimeshikwa."

Kosa ni hilo neno "tu". Itifaki hajawahi kuangalia tu.

Huko hospitali habari haikuwa nzuri. Bomba la bibi yenu lilikuwa limekuwa jembamba zaidi, daktari akabadilisha matone, akatuambia tusitegemee mengi. Njiani, tulipokaribia, bibi yenu akaniuliza, "Skrini ya yule binti nitaiona tena?" Nikamwambia ya nini tena, nyumba si umeshaimaliza kichwani? Akasema, "Kweli. Ile nimeshaimaliza." Akatulia kabisa. Akalala begani kwangu.

Kesho yake nikamwacha apumzike, nikaenda kiwanjani. Msanifu alikuwa amekuja kukagua na tableti yake, anaiinua mbele ya ukuta, upande mmoja anaona nyumba ya kwenye modeli, upande mwingine ya tofali. Chumbani sawa. Matundu ya swichi sawa. Tukatoka kwenye korido, akainua, akashusha, akainua tena.

"Baba, mlango wa bafu uko wapi?"

Nikatazama. Ukuta. Tofali mpya, udongo wa saruji bado unyevunyevu. Tukazunguka kona, upande wa jikoni, tukaukuta mwanya wa mlango unatuchekea.

Nikamwita mwashi. Akaja anajifuta mikono kwenye suruali. "Mzee, ni kaka yake mama. Aliniambia niuhamishe."

"Na mkataba?"

"Mzee, yule ni mtu mzima, ni mjomba wa nyumba, halafu ana koti. Ningemwambia nini? Nimwambie nenda kaulize kompyuta?"

Hapo siwezi kumlaumu sana. Kwetu sisi fundi akiamrishwa na mkubwa wa familia anasema ndiyo, na mkubwa wa familia hajui kwamba neno lake ni nyundo. Nikampigia Itifaki simu, akaja na furaha, anategemea asante.

"Shemeji, umeona? Nimekuokoa! Mgeni akikaa sebuleni alikuwa anatazamana na mlango wa choo. Uso kwa uso! Mkwe anakuja kuposa, anakunywa soda, mbele yake choo. Aibu hiyo nimeifunika."

Msanifu akamwonyesha tableti kwa upole. "Mjomba, nimeuweka mlango ulipouhamishia. Tazama." Paliwaka nyekundu. "Fundi bomba anapandisha mabomba yake kwenye ukuta huohuo. Ya sakafuni ameshayalaza."

"Bomba lihame."

"Lihamie wapi?" Akalisogeza, likagonga dirisha la jikoni. Akalisogeza tena, likagonga nguzo. Nyekundu, nyekundu.

Itifaki akavuta koti. "Hiyo kompyuta inaona bomba, haioni haya. Haya inaiona? Iulize."

"Haijaambiwa, mjomba," Msanifu akasema. "Ungeniambia ningeiambia."

Mimi nikaingilia. "Shemeji, sahau bomba. Dada yako ameukariri mlango ulipokuwa."

"Dada atazoea! Kuzunguka kona ni kitu gani? Hivi vitu vidogo msiniumize kichwa. Binadamu anazoea hata jela."

Ningeweza kusema bomoeni. Nyumba ni yangu, sahihi ni yangu. Lakini shemeji siyo mtu wa kumvunjia ukuta machoni pake halafu mle pamoja kwenye msiba na harusi. Nikasema, "Basi. Aje mwenyewe aione."

Jioni jua likiwa bado lipo nikamleta bibi yenu. Sikumwambia kitu, na mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri au vibaya. Nilitaka Itifaki aone, basi. Mwashi akafagia njia, akaondoa mbao na misumari. Tukasimama sebuleni: mimi, Msanifu, mwashi, na Itifaki amekunja mikono.

Bibi yenu akaomba tumwache. Akaanzia chumbani. Tukamsikia anaongea peke yake kama akiwa kwenye viti vyetu. Akatoka, mkono wa kulia kwenye ukuta, uso umeinuka, anatabasamu. Hajawahi kukanyaga mle ndani tangu kuta zisimame, na anatembea kama amezaliwa mle! Moyo wangu ukapanda mpaka hapa. Ukuta, ukuta, ukuta…

Mkono ukafika. Ukapapasa. Ukashuka chini, ukapanda juu. Akarudi hatua moja, akapapasa tena. Tabasamu likaondoka taratibu.

"Ngojeni," akasema. "Nimekosea."

Akarudi chumbani. Akaanza upya, safari hii polepole, anahesabu kwa midomo. Akafika palepale. Viganja vyote viwili kwenye tofali mbichi, kama mtu anayemtafuta mtoto gizani.

"Nimekosea mimi," akasema, sauti imekuwa ndogo. "Kichwa nacho kimeanza kuondoka. Mzee, nilidhani nimeijua."

Aliyemjibu ni Itifaki.

"Hujakosea, dada." Alikuwa ameshavua koti. Miaka yote ninayomjua sijawahi kuona mabega ya yule mtu. "Mlango ulikuwa hapo hapo ulipogusa. Ni mimi niliyeuziba."

"Wewe? Kwa nini?"

"Wageni wasione choo."

Bibi yenu akageuka, akamtafuta na lile bomba lake mpaka akampata usoni. "Kwa hiyo kichwa changu kizima?"

"Kizima kuliko changu, dada."

"Kukizidi chako siyo kazi ngumu," akasema, akavuta pumzi ndefu. Halafu akamwambia, "Kaka, wageni wanakuja na kuondoka. Mimi ndiye nitakayebaki humu gizani. Nirudishie mlango wangu."

Itifaki akatafuta nyundo. Aliikamata kama kipaza sauti, mwashi akapiga kelele, "Mjomba, siyo hapo! Utatuangushia lenta kichwani! Anzia juu, tofali la katikati." Akaanzia juu. Kwa kuwa saruji ilikuwa bado changa, tofali zikatoka moja moja, na yeye anazipanga pembeni kwa mstari ulionyooka, maana tabia ni tabia. Shati lake jeupe likawa rangi ya ukuta. Bibi yenu alisimama pale pale, mkono kwenye ukingo wa mwanya unaofunguka, kila tofali likitoka anausogeza kidogo.

Msanifu hakuisahau ile haya ya Itifaki kuhusu wageni na choo, na kwa hilo nampenda binti yule. Siku iliyofuata akamkalisha mbele ya skrini kubwa, akamwambia, "Mjomba, wewe ni mgeni. Kaa sebuleni uniambie unaona nini." Wakaweka makochi, wakayageuza, wakajaribu hivi na hivi mpaka wageni wote wakawa wanatazama dirishani na bustani. Kiti kimoja tu ndicho kilichobaki kinauona mlango wa bafu, hakuna namna.

"Hicho kiandikieni jina langu," Itifaki akasema. Na Msanifu akakiandika, ukigusa kile kiti kwenye modeli kinakwambia ni cha mjomba. Siku ile ndiyo shemeji yangu aliponaswa na modeli. Ikawa kila akiona tofali linasogezwa anamuuliza mwashi, "Modeli inajua?" Mwashi akaja kwangu analalamika, afadhali ya zamani.

Nyumba ikaisha. Tulipokabidhiwa, nilipewa funguo, na modeli nikawekewa kwenye tableti, imesahihishwa mpaka pale bomba lilipopinda kidogo. Juzi tu nilitaka kutundika saa ukutani, nikagusa ukuta kwenye tableti kwanza, nikaona waya unapita, nikasogea. Fundi umeme akinisikia ananiita mhandisi. Simkatazi.

Lakini siku yenyewe ilikuwa ile ya kuhamia. Safari hii vijana wa watu wengine walibeba, mimi nilisimama nikiwapigia kelele, raha iliyoje. Kabati la milango mitatu lilipita mlangoni bila kugusa fremu. Wakati huo macho ya bibi yenu yalikuwa yamebakiza mwanga tu, anajua dirisha liko wapi, basi. Nikamketisha kitandani chumbani kwake, nikampa chai.

Baada ya muda akasimama. Tukamwona sote tuliokuwa sebuleni, mimi, Itifaki kwenye kiti chake, binti zangu na waume zao, na vijana wa kubeba wameshika godoro hewani. Alitoka mlangoni, mkono wa kulia ukutani, bila fimbo, bila papara, akipita mbele yetu kama mwenye nyumba anayekagua rangi. Ukuta. Ukuta. Akanyoosha mkono chini kidogo, kitasa kikamjia kiganjani. Akafungua, akaingia, akafunga. Tukasikia komeo.

Tulibaki vile vile, masikio mlangoni. Itifaki machozi yanamtoka waziwazi, hata hafuti.

Kutoka ndani ikaja sauti, kavu, ya mtu asiyekuwa na shida yoyote duniani: "Nyie huko nje, mnasikiliza nini? Hamna kazi? Wekeni hilo godoro chini!"